KITI CHA TABIBU WA MENO NA IMANI YA MGONJWA

Tiba nyingi mtu huzipata akiwa angali na mamlaka juu ya mwili wake. Dawa ya malaria huimeza akiwa amesimama. Sindano huchomwa akiwa ameketi kwenye benchi. Hata anayeshonwa kidonda cha mguu aweza kumtazama muuguzi usoni na kumwambia, "Ngoja kidogo." Tiba ya meno haiko hivyo. Kabla tabibu hajaligusa jino, mgonjwa hutakiwa kwanza aukabidhi mwili wake kwa chombo. Hulazwa chali, huachama kinywa, taa huelekezwa usoni pake, na tangu hapo hawezi tena kusema neno likaeleweka. Chombo hicho ni kiti.

Wagonjwa wanaofika katika hospitali za Mbeya na Iringa hutoka mbali: Makete, Kilolo, Ileje, Mufindi. Wengi wao huwa wamekwisha kupitisha siku nyingi wakisukutua kwa maji ya chumvi, wakiuma karafuu, na wakimeza vidonge vya kutuliza maumivu. Jino ambalo lingeweza kuzibwa miezi kadhaa nyuma huwa limeoza hata halina budi kung'olewa. Kuchelewa huko kuna sababu zake: umbali, nauli, uchache wa matabibu. Lakini hofu nayo imo, na mara nyingi hofu hiyo ina umbo. Umbo lake ni kiti. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyewahi kuumizwa katika kiti cha meno hushtuka akikumbuka tu harufu ya chumba kile.

Kwa hiyo umbo la kiti, mwendo wake na mahali kilipowekwa si mambo ya anasa. Kiti kizuri ni kile kinachomwachia mgonjwa sauti yake, hata pale ambapo kinywa chake hakiwezi kusema. Kiti kinachomnyang'anya sauti hiyo ni kibaya, hata kikiwa kimenunuliwa kwa fedha nyingi za kigeni. Hospitali inaponunua, inapoweka au inapokarabati kiti, kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa ni mwili na hadhi ya yule atakayelala juu yake.

Kiti kilikotoka

Kwa karne nyingi aliyeumwa jino aliketi chini, kichwa chake kikibanwa magotini mwa mng'oaji, au aliketi kwenye kiti chochote cha nyumbani. Yapata mwaka 1790 Josiah Flagg wa Marekani alichukua kiti cha mbao, akakiongezea kiegemeo cha kichwa na mkono wa kuwekea vyombo. Mwaka 1832 James Snell wa London akabuni kiti ambacho mgongo wake uliweza kulazwa nyuma. Mwaka 1877 kikaja kiti cha Wilkerson, kilichopandishwa na kushushwa kwa pampu ya haidroliki. Mwaka 1958 kikaingia sokoni kiti cha kumlaza mgonjwa chali kabisa.

Badiliko hilo la mwisho lafaa liangaliwe kwa makini. Mwaka 1957 John Borden, daktari wa meno wa Marekani, alikuwa ameleta mashine ya kutobolea jino iliyoendeshwa kwa hewa, nayo ilizunguka kiasi cha mara 300,000 kwa dakika. Mashine ya kasi namna hiyo hulichemsha jino, kwa hiyo hupozwa kwa maji. Maji hayo yakahitaji msaidizi wa kuyavuta kwa bomba. Kwa vizazi vingi kabla ya hapo daktari wa meno alifanya kazi akiwa amesimama na kupinda mgongo kutwa nzima, na wengi walistaafu wakiwa na maumivu ya kiuno na shingo. Mgonjwa alipolazwa, daktari aliweza kuketi, na msaidizi wake naye akaketi upande wa pili.

Basi kulazwa chali kulimnufaisha kwanza tabibu. Hilo si kosa, maana tabibu mwenye mgongo mzima hutenda kazi kwa mkono uliotulia. Lakini ni vyema ikumbukwe kwamba ndani ya kiti mna miili miwili inayogombania nafasi moja. Mmoja wa miili hiyo una mdomo wa kujitetea, na mwingine umeachama. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti; vivyo hivyo, adhabu ya kiti aijuaye ni aliyelala.

Fizikia ya kulala vizuri

Kukaa vizuri kunaweza kupimwa. Mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Ikichukuliwa kwamba ameketi juu ya benchi gumu na kwamba uzito wake unabebwa na mifupa ya makalio kwenye eneo la sentimita mraba 200, kanieneo itakuwa paskali 30,000. Akilazwa juu ya godoro linaloufuata mwili wake, uzito uleule ukasambaa kwenye sentimita mraba 4,000, kanieneo itakuwa paskali 1,500. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini. Ndiyo maana dakika kumi za benchi huchosha kuliko saa moja ya kitanda. Mgonjwa ambaye mwili wake umebebwa vizuri hana haja ya kujikaza, na mwili usiojikaza hupunguza hofu.

Sehemu ngumu zaidi ni kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina tungamo la kilo 4 hadi 5. Kisipokuwa na kiegemeo, misuli ya shingo hukibeba muda wote wa tiba. Sasa afikiriwe mtu wa sentimita 150 akiwa juu ya kiti kilichowekwa kwa ajili ya mtu wa sentimita 180. Kiegemeo kitampita juu ya utosi, shingo yake itaning'inia, na ili akifikie itambidi ajivute kwenda juu. Akiisha kujivuta, nyonga zake zitatoka mahali pake, na mgongo utaacha pengo lisilobebwa na kitu. Mtoto ndiye anayeteseka zaidi. Kiti cha mtu mzima humfanya alale kama mbegu moja ndani ya ganda kubwa, na tabibu hulazimika kumshika kichwa kwa mkono. Mtoto huuhesabu mkono huo kuwa ni wa kumkamata.

Lipo pia suala la kuteleza. Mgongo wa kiti ukilazwa ilhali kikalio kimebaki bapa, mwili huelekea kuteremka taratibu, na mgonjwa hujizuia kwa visigino bila kujua. Dawa yake ni nyepesi: sehemu ya mbele ya kikalio iinuliwe kidogo, magoti yawe juu ya nyonga, na uzito utajizuia wenyewe. Kiti kiwe pia na kitako kipana au kifungwe sakafuni kwa boliti, kwa kuwa kitovu cha graviti huhama mgongo unapolala. Mgonjwa akihisi kiti kinayumba hata mara moja, mikono yake haitaachia tena vishikizo.

Uthabiti huo una maana kubwa zaidi hapa nchini, ambako sehemu kubwa ya kazi katika vituo vya meno ni kung'oa. Anayeng'olewa jino la taya la chini yafaa aketi karibu wima, kiti kikiwa chini, ili mkono wa tabibu ushuke bila kuinua bega. Anayeng'olewa jino la taya la juu hulazwa nyuma kiasi, kinywa kikiwa karibu na kimo cha kiwiko cha tabibu. Katika hali zote mbili hakuna haja ya kumlaza mgonjwa chali kabisa. Kituo ambacho kazi yake kubwa ni kung'oa kinahitaji kiti imara kisichotikisika kinaposukumwa. Kiti chenye vitufe ishirini hakina faida hapo kama shina lake linacheza.

Rehema ya mwendo wa polepole

Kiti cha pampu ya mguu hufuata kanuni ya Pascal: kanieneo katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Pistoni ndogo ikiwa na eneo la sentimita mraba 2, na kubwa ikiwa na sentimita mraba 20, kani ya nyutoni 100 ya mguu wa tabibu huinua mzigo wa nyutoni 1,000, yaani mtu wa kilo 60 pamoja na kilo 40 za kiti. Lakini maumbile hayatoi cha bure. Ili mzigo uinuke sentimita 20, pistoni ndogo lazima isafiri sentimita 200. Kama kila msukumo ni wa sentimita 5, tabibu hukanyaga mara 40.

Kuna watakaouona mwendo huo kuwa ni upungufu. Kwa mgonjwa ni rehema. Anapandishwa kidogo kidogo, anamwona anayempandisha, na ana nafasi ya kusema kwamba pametosha. Kiti cha mota ya umeme hufanya kazi hiyohiyo kwa kugusa kitufe, na mara nyingi tabibu hukigusa huku anasoma cheti. Mgonjwa ambaye hajaambiwa neno huhisi ghafla dunia inaporomoka nyuma yake. Hofu ya kuanguka ni miongoni mwa hofu za mwanzo kabisa za binadamu. Hata mtoto mchanga hurusha mikono kichwa chake kikiachiwa ghafla.

Mwendo wa polepole una sababu za afya pia. Mtu aliyelala kwa muda akiinuliwa kwa haraka, damu hubaki miguuni kwa nukta chache na kichwa huzunguka. Mzee au mtumiaji wa dawa za shinikizo la damu aweza kuanguka anaposhuka. Yafaa ainuliwe kwa hatua, aketi dakika moja au mbili, ndipo asimame. Mama aliye katika miezi ya mwisho ya ujauzito asilazwe chali kabisa, kwani mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Awekewe mto chini ya nyonga ya kulia ili aelekee kushoto. Kwa upande wa pili, anayezirai kwa hofu, jambo linalotokea mara kwa mara katika chumba cha meno, hulazwa bapa na kuinuliwa miguu. Hapo kiti kinacholala huwa ni chombo cha kuokoa.

Sauti ya aliyelala

Imani ya mgonjwa hujengwa na mambo madogo yanayoonekana. Anayeingia chumbani hukiona kiti kabla ya kumwona tabibu. Kama kiti kimegeuzia mlango kisogo, mgonjwa atasikia nyayo za watu asiowaona. Kama trei ya vyombo inaning'inia juu ya kifua chake, atatumia muda wake kuhesabu koleo. Trei ikiwekwa kando na kufunikwa kwa kitambaa safi, na kiti kikielekezwa dirishani, tayari nusu ya maneno ya faraja yamekwisha kusemwa.

Taa nayo ni sehemu ya kiti. Yapasa iangaze kinywa, isiangaze macho. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye macho yake huumizwa na mwanga, taa iliyopotoka kidogo ni mateso. Miwani ya jua inayohifadhiwa chumbani kwa ajili ya wagonjwa hugharimu fedha kidogo sana ikilinganishwa na kiti.

Halafu lipo suala la heshima. Mama wa makamo wa Rungwe au wa Kilolo, aliyevaa kitenge, analazwa miguu ikiwa juu mbele ya kijana wa kiume ambaye pengine ana umri wa mwanawe wa mwisho. Katika mila za Nyanda za Juu Kusini, kama ilivyo kwingineko nchini, hilo si jambo jepesi. Tabibu anayemwamkia kwanza kwa "Shikamoo mama", akampa khanga ya kujifunika miguu, ndipo akamwomba ruhusa ya kulaza kiti, amepata kibali ambacho hakuna mota iwezayo kukileta. Anayeanza kwa kusema "Panda hapo, fungua mdomo" amekipoteza kabla hajashika chombo.

Mwaka 1959 Harold Addelston, daktari wa meno wa Marekani, alieleza utaratibu wa kumtibu mtoto kwa hatua tatu: kumweleza kitakachofanyika, kumwonyesha, kisha kutenda. Utaratibu huo unakifaa kiti chenyewe, na unamfaa mtu mzima vilevile. Mgonjwa aambiwe kwamba kiti kitalala, aonyeshwe kinavyokwenda, ndipo kilazwe. Apewe pia alama: akiinua mkono wa kushoto, kazi isimame. Alama hiyo ina sharti moja, nalo ni kuheshimiwa. Mkono ukiinuliwa mara moja ukapuuzwa, imani yote huvunjika, na mgonjwa huyo atawasimulia wengine kijijini.

Kifaa kimoja cha zamani kinastahili kutetewa hapa: bakuli la kutemea. Katika viti vingi vya kisasa bakuli limeondolewa kwa sababu bomba la kuvuta mate linatosha. Kwa hesabu ya usafi na ya muda hoja hiyo ina nguvu. Lakini mgonjwa anapoinuka kutema ndipo anapopata fursa ya kufunga kinywa, kupumua na kuuliza, "Bado sana?" Bakuli ni koma katika sentensi ndefu. Linapoondolewa, tabibu hana budi kuiweka koma hiyo kwa njia nyingine: asimamishe kazi kila baada ya dakika chache bila kungojea kuombwa.

Baridi, umeme na vipuri

Viti vingi hubuniwa kwa ajili ya vyumba vyenye joto la kudumu na umeme usiokatika. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto laweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Chuma hupitisha joto upesi, kwa hiyo kishikizo cha chuma hunyonya joto la kiganja na kuonekana baridi kuliko mbao za chumba hichohicho, ingawa vyote viwili vina halijoto moja. Mgonjwa hutetemeka. Kutetemeka kwa baridi na kutetemeka kwa hofu hufanana, na mwenyewe hawezi kuvitofautisha. Mwili ukitetemeka, akili nayo huamini kwamba kuna la kuogopwa. Shuka au blanketi jepesi hutega hewa, na hewa ni kipitishi hafifu cha joto. Kwa kuwa nguo ya hospitali lazima ifuliwe baada ya kila mgonjwa, njia rahisi ni mgonjwa kujifunika khanga au shuka yake mwenyewe. Ngozi ya plastiki ya kiti ibaki kama ilivyo, maana hufutika kwa dawa, lakini isiwe na nyufa wala mishono iliyoachia. Ufa wa kiti huficha uchafu, na mgonjwa huuona.

Umeme ukikatika mgonjwa akiwa chali, mota husimama na kiti hubaki kilipo. Bomba la kuvuta mate nalo hunyamaza. Aliyejaa maji kinywani akiwa amelala hivyo huhisi kama anazama. Kiti kisicho na njia ya kushushwa kwa mkono au kwa mguu hakifai kuwekwa mahali ambapo umeme hauaminiki, na kila tabibu aijue njia hiyo kabla ya siku ya kuihitaji.

Ugonjwa mkubwa kuliko yote ni vipuri. Muhuri wa mpira wa bei ndogo ukipasuka, mafuta huvuja na kiti hushuka chenyewe taratibu. Muhuri huo usipopatikana nchini, kiti cha mamilioni hugeuka kuwa kabati la kuwekea majalada, na wagonjwa hurudi kutibiwa kwenye kiti cha ofisi. Kila anayekiona kiti kilichokufa hujiuliza kama vyombo vingine vinafanya kazi. Shaka hiyo ni ya haki.

Somo la meza ya mbao

Tanzania yenyewe imeupa ulimwengu somo juu ya jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alianza kutumia njia ya kuziba meno pasipo mashine. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya glasi-ayonoma, ambayo hushikamana na jino. Umeme hauhitajiki, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 shirika hilo likaiingiza saruji ya namna hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Ni nadra kukumbukwa mgonjwa hulazwa juu ya nini katika tiba hiyo. Hulazwa juu ya meza bapa, kichwa kikiwa kimeegemezwa vizuri, na tabibu huketi upande wa kichwa. Meza ya shule yatosha ikiwekewa godoro jembamba na mto imara. Haipandi wala haishuki, haivumi, haimshtui mtu. Mtoto hulala mahali anapopafahamu, katika darasa lake, huku wenzake wakimngojea nje. Meza hiyo haina teknolojia ya kujivunia, ila imetimiza masharti makuu: ni imara, imembeba mgonjwa mwili mzima, na mgonjwa aweza kushuka mwenyewe wakati wowote apendao.

Hii haina maana kwamba hospitali zitupe viti na kununua meza. Upasuaji wa taya na matibabu ya mzizi wa jino huhitaji kiti kamili, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayotegemewa na mikoa saba, haiwezi kufanya kazi hiyo mezani. Maana yake ni kwamba kiti kichaguliwe kwa kufuata kazi yake na watu wake.

Hoja ya wanaopinga

Wako watakaosema kwamba mjadala huu ni wa nchi zilizoshiba. Hofu ya mgonjwa, watasema, hutokana na maumivu. Ganzi ipatikane ya kutosha, matabibu waongezwe, na hakuna atakayelalamikia kiti. Hoja hii ina ukweli mzito. Kiti chenye mto laini pasipo dawa ya ganzi ni dhihaka. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, ganzi itangulie.

Hata hivyo hoja hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza, mwili uliokaza na moyo unaokwenda mbio huyahisi maumivu zaidi. Mgonjwa aliyetulia huchomwa sindano ya ganzi kwa usalama zaidi kuliko anayeruka. La pili, sehemu kubwa ya yaliyoelezwa hapo juu haigharimu chochote: kumwamkia mtu, kumweleza kabla ya kulaza kiti, kugeuza kiti kielekee dirishani, kuheshimu mkono ulioinuliwa. Anayesema kwamba umaskini unamzuia kufanya hayo anausingizia umaskini.

La kufanya

Wanaonunua viti kwa ajili ya hospitali za umma na za mashirika ya dini wangefanya vyema kuuliza maswali manne kabla ya kutia saini. Je, kiegemeo cha kichwa chaweza kumfaa mtoto wa miaka sita na mtu mrefu vilevile? Je, umeme ukikatika kiti hushushwaje? Je, fundi aliyeko Mbeya au Iringa aweza kukifungua na kupata vipuri vyake? Je, mzee aweza kupanda na kushuka bila kubebwa? Kiti kisichojibu maswali hayo kisipokewe hata kama ni cha msaada. Zawadi isiyotengenezeka ni mzigo kwa aliyeipokea.

Mafundi nao wanayo nafasi. Mbao za msitu wa Sao Hill huko Mufindi, pamoja na ujuzi uliopo katika vyuo vya VETA, karakana za SIDO na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, vyatosha kutengeneza meza za kukunjwa za tiba ya vijijini, viegemeo vya kichwa vya watoto, vidato vya kupandia na mito ya kushonwa upya. Matabibu wa meno wanaofunzwa Mbeya wangefaidika kuketishwa katika meza moja na mafundi hao, na kila mwanafunzi wa fani hiyo alazwe yeye mwenyewe kwenye kiti, ashushwe bila kuambiwa, ili ajue.

Shuleni kazi yaweza kuanza wiki hii. Wanafunzi wa Malangali, Tosamaganga, Loleza au Sangu wachukue futikamba, wapimane urefu kutoka kikalioni hadi kisogoni, kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni, na upana wa mabega. Watafute wastani, kisha watafute tofauti kati ya aliye mfupi kabisa na aliye mrefu kabisa. Wataona jambo ambalo wabunifu wengi hulisahau. Ikiwa wanafunzi watatu wana vipimo vya sentimita 50, 60 na 70, wastani ni 60. Kiegemeo kilichofungwa hapo kitamfaa mmoja, na wawili watateseka. Kwa hiyo kiti hakibuniwi kwa wastani. Hubuniwa kwa masafa yaliyopo kati ya ncha mbili, na sehemu zake hufanywa ziweze kusogea.

Huo ni mwanzo mzuri wa uhandisi. Sayansi ya kani na ya pistoni haikukusudiwa ibaki ubaoni. Yapasa imfikie mkulima wa viazi wa Uporoto ambaye jino limemnyima usingizi, naye bado anasita kupanda basi kwenda mjini kwa sababu anakikumbuka kiti.